SEC18: jeni ya hamira iliyoeleweka visivyo mara mbili

Chukua seli za hamira zenye kasoro iitwayo sec18-1, uzikuze kwenye nyuzijoto 24. Zitakula sukari, zitachipua na kugawanyika, na ukiziweka kando ya hamira ya kawaida hutaona tofauti ya maana. Sasa hamishia chupa ileile kwenye maji ya nyuzijoto 37. Haipiti dakika moja kabla ya usafirishaji wa protini ndani ya seli kusimama. Seli iko hai na inaendelea kutengeneza protini mpya, lakini zile zilizotakiwa kutoka nje hazitoki. Zimekwama njiani, na hazitasogea mpaka joto lishuke.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha jeni hiyo moja, SEC18, na jinsi kazi yake ilivyoeleweka visivyo mara mbili: kwanza mahali inapofanya kazi, kisha kitendo chenyewe inachokifanya. Waliokosea hawakuwa wazembe. Majaribio yao yalikuwa safi, na mengine ningeyafundisha hata leo bila kubadilisha neno. Kinachonifanya nikirudie kisa hiki ni kwamba kosa lilizaliwa ndani ya mantiki ileile iliyoleta ugunduzi.

Kwanza njia yenyewe, kwa ufupi. Protini zinazotoka nje ya seli, pamoja na zile zinazokaa kwenye utando wa nje, huanzia kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando unaoungana na kiini. Humo hukunjwa na kuvikwa minyororo ya kwanza ya sukari. Kisha huenda Golgi, ambako minyororo hiyo hurefushwa. Baada ya Golgi njia hugawanyika: protini nyingine huelekea kwenye uso wa seli, nyingine kwenye vakuoli, ambayo ndiyo ghala la hamira na pia mahali pake pa kumeng'enyea. Protini hazitembei zenyewe kati ya vituo hivyo. Kipande cha utando huchomoza na kujikata, kikawa kifuko chenye upana wa nanomita 50 hivi. Kifuko hicho hubeba mzigo hadi kwenye utando wa kituo kinachofuata na kuungana nao. Msomaji ashike vitendo hivyo viwili, kuchomoza kwa kifuko na kuungana kwake na utando wa mbele, kwa sababu kisa chote kinazunguka hapo.

Njia hii ilikuwa imekwisha chorwa kwenye seli za wanyama kwa hadubini ya elektroni, kazi iliyompa George Palade Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Ramani ilikuwepo. Kilichokosekana ni majina ya wafanyakazi.

Msako wa Berkeley

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick waliamua kuwatafuta wafanyakazi hao kwa njia ya jenetiki. Walikabili tatizo moja kubwa. Hamira hupanua uso wake kwa kutumia vifuko vilevile vinavyotoa protini nje, kwa hiyo ukiiharibu jeni ya usafirishaji, seli haiwezi kukua, na seli isiyokua huwezi kuichunguza. Walichohitaji ni jeni inayofanya kazi kwenye joto la chini na kuzimika kwenye joto la juu. Mwaka 1979 walitangaza ya kwanza, sec1. Kwenye nyuzijoto 37, seli za sec1 zilijaa vifuko visivyo na pa kwenda.

Ndipo wakaona jambo ambalo naliona kuwa uamuzi mzuri kuliko yote katika kisa hiki. Seli ambayo uso wake umeacha kupanuka huku ndani ikiendelea kutengeneza vitu lazima iwe nzito zaidi kwa ujazo uleule. Wakachukua hamira iliyotibiwa kwa kemikali ya kubadilisha jeni, wakaipasha joto, wakaizungusha kwa kasi kwenye kimiminika chenye densiti inayoongezeka kwenda chini, na kuzikusanya seli zilizozama zaidi. Badala ya kupima makundi ya seli moja baada ya jingine, waliiacha mashine ya kuzungushia iwachambulie. Mwaka 1980 walikuwa na makundi 23 ya jeni za usafirishaji, na SEC18 ilikuwa mojawapo.

Je, seli ya sec18 ilionyesha nini? Chini ya hadubini, retikulamu ilikuwa imetanuka na kuongezeka kupita kawaida. Mzigo uliofuatiliwa, kimeng'enya cha invatasi ambacho hamira hukitoa nje ili kuvunjia sukari ya miwa, ulikuwa na minyororo mifupi tu ya sukari, ile inayovikwa kwenye retikulamu. Haukuwa na alama hata moja ya Golgi. Dalili zote mbili zilielekeza sehemu moja: mzigo umekwama kabla ya Golgi.

Mwaka 1981 Novick, Susan Ferro na Schekman waliongeza ushahidi wa aina nyingine. Walizalisha hamira yenye kasoro mbili kwa pamoja. Seli yenye kasoro inayojaza retikulamu pamoja na kasoro ya sec1 inayojaza vifuko hufanana na ipi? Jibu lilikuwa kwamba retikulamu ndiyo inayojaa. Kasoro ya mwanzo wa njia huificha ile ya mwisho. Kwa kulinganisha kasoro mbilimbili waliweza kuzipanga jeni kufuata mwendo wa njia: hizi za retikulamu kwenda Golgi, hizi za Golgi, hizi za vifuko kwenda kwenye uso. SEC18 iliwekwa kwenye fungu la kwanza.

Hapa ndipo mahali pa kosa la kwanza, na lazima niwe mwangalifu katika kulieleza. Matokeo ya 1981 yalisema kwamba bila Sec18, protini inayotokana na jeni ya SEC18, mzigo hautoki retikulamu kufika Golgi. Hilo lilikuwa kweli wakati ule na ni kweli leo. Ila jeni ikishawekwa kwenye fungu, fungu hugeuka kuwa maelezo ya kazi. Kutoka "inahitajika hapa" watu waliteleza hadi "hapa ndipo kazi yake ilipo", na mteremko huo haukuwa na jaribio lolote chini yake.

Fikiria barabara yenye madaraja matatu, yote yametengenezwa kwa nondo za aina moja, na nondo hizo zote zimekatika usiku mmoja. Asubuhi foleni itaonekana kwenye daraja la kwanza peke yake. Anayepiga picha kutoka juu hawezi kujua hali ya daraja la pili na la tatu, maana hakuna gari lililofika huko. Kasoro maradufu haisaidii hata kidogo hapa, kwa kuwa nayo hupima kitu kilekile: kizuizi cha kwanza kabisa. Mbinu iliyoweza kupanga jeni nyingi kwa usahihi ilikuwa haioni jeni ambayo hufanya kazi moja mahali pengi.

Protini ileile kutoka upande mwingine

Wakati hayo yakiendelea, James Rothman alikuwa akifuata njia isiyo ya jenetiki. Alivunja seli za mamalia na kujaribu kuurudisha usafirishaji ndani ya mirija ya maabara. Alitumia Golgi za aina mbili zilizotoka kwenye seli za hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya: moja ina mzigo lakini haina kimeng'enya cha kuongeza sukari fulani, nyingine ina kimeng'enya lakini haina mzigo. Sukari ile, iliyotiwa mionzi, ikionekana kwenye mzigo, basi vifuko vimesafiri na kuungana.

Kemikali inayoitwa NEM ililisimamisha jaribio hilo. Maji ya seli ambayo hayajaguswa na NEM yaliliamsha tena. Ndani ya maji yale kulikuwa na protini moja iliyoathiriwa na NEM, nayo ilisafishwa na kutangazwa mwaka 1988 kwa jina la NSF. Mwaka huohuo kundi la Scott Emr lilichapisha mfuatano wa jeni ya SEC18 ya hamira. Mwaka 1989 mifuatano miwili ilipolinganishwa, karibu nusu ya asidi amino zilikuwa zilezile. Tena Sec18 kutoka kwa hamira iliweza kuchukua nafasi ya NSF kwenye Golgi za mamalia, na jaribio likaenda.

Nakiri kwamba hapo husimama kidogo kila ninapofika. Hamira na mamalia walitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado kipuri cha mmoja kinaingia kwenye mashine ya mwingine. Kundi moja lilifika kwenye protini hii kwa kutafuta seli zinazozama, jingine kwa kutafuta kitu kinachouawa na NEM.

Lakini ufanano huo ulileta mgongano ambao haukupaswa kupita kimya. Jaribio la Rothman lilipima safari ndani ya Golgi, kutoka sehemu moja ya Golgi kwenda nyingine. SEC18 ilikuwa imepangwa kabla ya Golgi. Kama ni protini moja, mmojawapo hajasema yote. Ndani ya mwaka uleule wa 1989 zilitoka taarifa nyingine kutoka kwenye seli za mamalia, zikionyesha kwamba NSF inahitajika pia kutoka retikulamu hadi Golgi, na hata kwenye vifuko vinavyoingia ndani ya seli kutoka nje. Daraja la pili na la tatu yalikuwa yameanza kushukiwa.

Saa badala ya picha

Mwaka 1990 Chris Kaiser na Schekman walirudi kwenye hadubini na kutazama kwa makini zaidi jeni za fungu la kwanza. Waliona kwamba zinagawanyika mara mbili. Seli zenye kasoro ya sec12, sec13, sec16 au sec23 zilijaza retikulamu bila kujaza vifuko. Zile za sec17, sec18 na sec22 zilirundika vifuko vya nanomita 50. Walipounganisha kasoro za makundi hayo mawili, vifuko havikuonekana. Maana yake kundi la kwanza huchomoza vifuko, na la pili linahusika na kuungana kwake. Sec18 sasa ilikuwa na kitendo: muungano.

Swali la mahali lilijibiwa mwaka uliofuata na Todd Graham na Scott Emr. Nataka nikae na jaribio lao, kwa sababu ndilo lililofungua kisa.

Wao hawakuuliza mzigo umekwama wapi. Walianza kwa kuuliza kasoro hii huzimika kwa kasi gani. Walipopima, waligundua kwamba Sec18 yenye kasoro hupoteza nguvu chini ya dakika moja baada ya kupandisha joto. Hiyo ilibadilisha thamani ya kasoro nzima. Ikiwa protini huzimika polepole, mzigo uliokuwa mbele una muda wa kumaliza safari, na utaona kizuizi cha kwanza tu. Ikizimika ghafla, unaweza kuiacha njia ijae mzigo kwenye vituo vyote, kisha ukazima kila kitu kwa pamoja na kutazama nani amesimama na nani ameendelea.

Mzigo waliouchagua ulikuwa alfa-fakta, homoni ndogo ambayo hamira ya jinsi moja huitoa ili kuita jinsi ya pili. Alfa-fakta hutengenezwa kama protini ndefu, na kila kituo huiachia muhuri wake. Retikulamu huivika minyororo ya msingi ya sukari. Sehemu ya mwanzo ya Golgi huongeza sukari ya manosi kwa kiungo cha aina moja, sehemu inayofuata huongeza manosi kwa kiungo cha aina nyingine, na mwishoni kimeng'enya Kex2 huikata vipande vidogo vilivyo tayari kutoka. Kwa kingamwili zinazotambua kila aina ya kiungo, mtafiti anaweza kuusoma mzigo kama pasi ya msafiri na kujua umepita wapi.

Waliiwekea hamira asidi amino za mionzi kwa muda mfupi kwenye joto la chini, wakasubiri mpaka mizigo ikawa imetawanyika njia nzima, ndipo wakapandisha joto. Katika seli za sec18-1 kila kundi la mzigo lilibaki na mihuri iliyokuwa nayo wakati ule. Uliokuwa retikulamu haukufika Golgi. Uliokuwa sehemu ya kwanza ya Golgi haukufika ya pili. Uliokwisha kukatwa na Kex2 haukutoka nje. Jaribio lilikuwa na mlinganisho wake mwaminifu: katika seli za sec23, ambazo nazo huzimika haraka, mzigo uliokwisha kuondoka retikulamu uliendelea na safari mpaka nje. Basi haikuwa joto lililosimamisha kila kitu, wala seli haikuwa imekufa. Sec23 ni ya daraja la kwanza kweli. Sec18 ni ya madaraja yote.

Na kuna zawadi ya ziada ambayo wengi huisahau. Kwa kuwa mizigo iligawanyika katika makundi yasiyochanganyika, walipata ushahidi kwamba Golgi ya hamira ina angalau sehemu tatu zinazotofautiana kikazi. Kwenye hadubini sehemu hizo hazitofautishiki kirahisi, kwa sababu Golgi ya hamira hii imetawanyika ndani ya seli na haikupangwa tabaka juu ya tabaka kama ya mamalia. Kasoro ya jeni moja, ikitumiwa kwa saa, ilichora kile ambacho picha ilishindwa kukichora.

Kitendo chenyewe

Mahali palikuwa pamerekebishwa. Kitendo kilibaki: Sec18 huunganisha tando. Ushahidi ulikuwa mwingi. Vifuko hurundikana bila Sec18, na protini hii huvunja ATP, nishati ya seli, kwa hiyo ilikuwa na nguvu ya kufanyia kazi hiyo.

Mwaka 1993 kundi la Rothman lilitumia NSF na mwenzake SNAP, ambaye kwa hamira huitwa Sec17, kama chambo, wakavua kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe protini zinazoshikana nao. Walipata protini za utando ambazo tayari zilijulikana kwenye ncha za neva, wakaziita SNARE. Nyingine hukaa kwenye kifuko, nyingine kwenye utando unaopokea, nazo hujisokota pamoja na kuwa fungu moja gumu. NSF ikipewa ATP, fungu linafunguka. Tafsiri iliyovutia wakati ule ilikuwa hii: kifuko hufika, SNARE zinashikana, NSF inakuja na kulifungua fungu, na nguvu ya kufungua huko ndiyo inayounganisha tando. Kila kipande kilikaa mahali pake. Hata mimi, ningekuwepo, ningeikubali.

Aliyeibomoa ni vakuoli. Katika Chuo cha Dartmouth, kundi la William Wickner lilikuwa likichunguza muungano wa vakuoli mbili za hamira ndani ya mrija. Vakuoli za upande mmoja zilikuwa na kimeng'enya cha fosfatesi kisichokomaa na hazina protizi, yaani kimeng'enya kinachokata protini, ya kukikomaza. Za upande wa pili zina protizi lakini hazina fosfatesi. Zikiungana, vilivyomo huchanganyika, fosfatesi hukomaa, na rangi hutokea. Jaribio ni rahisi kiasi kwamba unaweza kulikata vipande na kuuliza Sec18 inahitajika lini.

Mwaka 1996 Andreas Mayer, Wickner na Albert Haas walifanya hivyo hasa. Waliziweka vakuoli za kila upande peke yake, kwenye mrija wake, wakazipa Sec18 na ATP. Sec17 ikabanduka kutoka kwenye utando. Baada ya hapo walizichanganya na kuongeza kingamwili za kuizima Sec18, nazo vakuoli ziliungana hata hivyo. Sec18 ilikuwa imemaliza kazi yake kabla tando mbili hazijakutana. Kitu kinachomaliza kazi kabla ya mkutano hakiwezi kuwa ndicho kinachounganisha.

Ushahidi uliofuata uliziba nafasi iliyobaki. Mwaka 1998 kundi la Rothman lilipandikiza SNARE peke yake kwenye vifuko vya mafuta vilivyotengenezwa maabara, bila NSF wala ATP. Vikaungana, polepole, lakini vikaungana. Nguvu ya muungano inatoka kwenye SNARE zenyewe, zinapojisokota kutoka pande mbili na kuzivuta tando zikaribiane.

Sasa kazi ya Sec18 inaonekana kwa sura nyingine. Kila muungano ukimalizika, SNARE hubaki zimesokotana, zote sasa zikiwa kwenye utando mmoja. Fungu hilo ni imara mno na halifunguki lenyewe kwa urahisi. Halina faida tena, wala SNARE zilizomo haziwezi kutumika kwenye kifuko kingine. Sec17 hulishika fungu, Sec18 sita hujipanga kama pete juu yake, huvunja ATP na kulifungua. SNARE huachiliwa, tayari kwa safari nyingine. Sec18 ni mfunguaji. Bila yeye muungano husimama kwa sababu vifaa vya kuungania vimefungwa na kazi iliyokwisha kufanyika.

Ndiyo maana dalili zilidanganya. Vifuko vinavyorundikana ni dalili ya muungano ulioshindikana, hilo ni sawa. Lakini muungano unaweza kushindikana kwa kukosa mashine ya kuunganisha, au kwa mashine ile kukosa kuachiliwa baada ya matumizi. Picha ya 1990 inafanana katika hali zote mbili.

Nzi wa matunda wana ushahidi wa upande huu ambao naupenda. Mwaka 1976 Obaid Siddiqi na Seymour Benzer walieleza nzi wenye kasoro iitwayo comatose, ambao hupooza joto likipanda. Baadaye ilijulikana kwamba kasoro hiyo iko kwenye NSF ya nzi, na mwaka 1998 ikaonekana kwamba nzi hao wakipooza, mafungu ya SNARE yasiyofunguliwa hujazana ndani yao. Kile ambacho hadubini ya hamira haikuweza kukionyesha, yaani SNARE zilizofungwa, kilipimwa moja kwa moja kwa mdudu aliyeanguka.

Palipobaki pagumu

Ningependa kuishia hapo, lakini kisa hakiishii hapo, na msomaji makini atakuwa ameshaona ufa. Kama Sec18 ni mfunguaji tu, kwa nini kuizima kusimamishe njia nzima chini ya dakika moja? Mfunguaji akiondoka, SNARE zilizo huru zinapaswa kutosha kwa muda. Mtu anaweza kujibu kwamba akiba ya SNARE huru ni ndogo sana, na jibu hilo naliona lina uzito, kwa sababu hamira inayokua haraka huunganisha vifuko bila kupumzika. Lakini halifungi mlango wa jibu jingine.

Jibu hilo jingine lilitoka tena kwenye vakuoli. Kwa kutumia protini zilizosafishwa na tando za maabara, kundi la Wickner lilionyesha mwaka 2017 kwamba Sec17 na Sec18 hufanya kazi mara mbili: huongeza nguvu ya muungano wenyewe pale SNARE za pande mbili zinaposhikana, hata bila ATP kuvunjwa, na baada ya hapo ndipo hulifungua fungu kwa ATP. Tafsiri iliyotupwa mwaka 1996 ilirudi kwa mlango mwingine. Haikurudi kama ilivyokuwa, kwa kuwa nguvu ya kulifungua fungu haikuwa ndiyo inayounganisha, lakini uwepo wa Sec17 na Sec18 kwenye muungano si bure.

Msimamo wangu ni kwamba ufunguaji ndiyo kazi kuu na ndiyo inayoeleza kwa nini jeni hii ni ya lazima kwa uhai wa seli. Kazi ya pili naichukulia kuwa ya kweli, na bado inapaswa kupimwa ndani ya seli nzima kwa ukali uleule ambao Graham na Emr waliutumia kupima mahali.

Upo upande wa kila siku wa mjadala huu, kwa sababu sec18-1 imekuwa chombo cha kazi. Anayetaka kujua kama protini yake mpya au mafuta fulani husafiri kwa vifuko huchukua hamira hii, huipandisha joto, na kutazama. Safari ikisimama, kwa kawaida huandikwa kwamba inapitia vifuko. Kwa yote niliyoyaeleza, tafsiri hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana: Sec18 ikizimika, kila daraja linaanguka kwa pamoja, na kitu kinaweza kusimama kwa sababu tu kitu kingine ambacho chenyewe hukitegemea kimesimama. Safari inayoendelea ndiyo yenye uzito. Mwaka 2005 watafiti walifuatilia ergosteroli, mafuta ya tando za hamira yanayofanana na kolesteroli, kutoka retikulamu inakotengenezwa hadi utando wa nje. Katika seli za sec18-1 kwenye nyuzijoto 37, huku protini zote za kutoka nje zikiwa zimekwama, ergosteroli mpya iliendelea kufika kwenye uso wa seli. Njia ya vifuko ilikuwa imefungwa kabisa, na ergosteroli ilipita pengine.